Jina la Nne kwenye Santuri

Adolphine hakujua kuimba. Kanisani akifungua kinywa, benchi zima lilipoteza njia ya wimbo, mpaka padri akamwomba kwa upole awe anashughulika na maua ya altare. Lakini sikio lake lilikuwa jambo lingine kabisa. Katika mji mzima wa Baraka, tangu ufukoni mwa ziwa mpaka njia ya kwenda Fizi, hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuchukua santuri ya vijana wasiojulikana, akaisikiliza mara moja tu, akasema hii itatembea, hii itafia hapahapa. Na ikawa hivyo.

Sikio hilo alilinoa Bujumbura, alikokaa miaka sita akiuza santuri katika duka la Mgiriki mmoja. Mama yake alipougua alirudi nyumbani na gramafoni ya betri na sanduku moja la santuri. Mama akafa, sanduku likabaki, na Adolphine akafungua baa ndogo ya nyasi pembeni mwa soko. Watu wakaiita Kwa Mama Santuri, na yeye mwenyewe jina likamganda.

Ilikuwa miaka ambayo hata kucheza ngoma kulikuwa kazi ya chama. Walimu, manesi, makarani, wote walipangwa mistari uwanjani juani wakatikise viuno kumsifu kiongozi, na asiyekuja aliandikwa. Orchestra kubwa za mji mkuu nazo zilikuwa zimeshalishwa. Mtu aliyeshiba kwa mkono wa mkubwa haimbi, anacheua tu, na Adolphine alikuwa na maoni hayohayo ingawa aliyasema akiwa jikoni. Santuri zao alizipiga kwa sababu wateja walizitaka, kama vile mtu anavyowapikia wageni chakula asichokipenda.

Alichokipenda ni vile vikundi visivyo na mwenyewe. Vijana wanne wenye gitaa moja la umeme, waliochangishana wenyewe, wakarekodi nyimbo mbili, wakatuma mkanda Nairobi ukachapwe santuri mia moja au mia mbili, basi. Walikuwa wamesikia rock na pop za wazungu redioni, wakazichukua, wakazichanganya na za kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Santuri hizo zilimfikia kwa boti za Kigoma na Kalemie, kwa lori za Uvira, zimefungwa ndani ya mashuka ili zisipasuke. Kila Jumapili saa kumi alipiga mpya, na watu walikuja hata kutoka vijiji vya Swima na Mboko. Daima alianza na upande wa pili. Alisema upande wa kwanza vijana wanaweka wimbo wanaodhani utanunuliwa, na upande wa pili wanaweka ule wanaoupenda.

Mwaka wa 1975 walimjia vijana wanne wa Nundu. Mkubwa wao aliitwa Roger, mwimbaji na mpiga gitaa, mtoto wa wavuvi. Mpiga ngoma alikuwa Rukunda, kijana wa wafugaji wa mlimani aliyeteremka kutafuta shule, shule ikamshinda. Walikuwa wamechagua jina la Kifaransa, lakini sheria ya kuacha majina ya kigeni na kurudia ya mababu ilikuwa na miaka mitatu tayari, karani wa zone, yaani wa wilaya, akalifuta, wakajiita Radi ya Nundu. Gitaa lao walilichomeka kwenye redio kuukuu ambayo spika yake ilikuwa imechanika, na sauti ilitoka imekwaruza, inanguruma kama mtu mwenye hasira na mafua kwa pamoja. Kila waliyemwendea aliwaambia, nendeni mkatengeneze redio kwanza.

Adolphine alisikiliza akiwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Wimbo ulipokwisha aliuliza:

“Nani alipasua ile spika?”

Roger alitazama chini kwa aibu. “Ni panya, mama.”

“Musitengeneze. Siku mutatengeneza ile spika, musirudie hapa tena.”

Aliwaambia vile kwa sababu alikuwa amesisimkwa mpaka mikononi. Santuri ngapi zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hii sauti hakuwahi kuikuta kwenye hata moja. Na ilikuwa imetoka Nundu, si mbali, kwa watoto aliowajua mama zao. Tangu siku ile aliitaka Radi iwe santuri kama mwanamke tasa anavyotaka mtoto, na Adolphine mtoto hakuwa naye.

Vijana wenyewe hawakuwa na kitu. Gisaro, mjomba wa Rukunda huko juu, aliuza mtamba ili wapate nauli ya kwenda Bujumbura kurekodi. Henri, mwalimu wa Nundu, aliwaandikia karatasi za safari. Aliyewabebea vyombo ni Placide.

Placide alikuwa mdogo wake Adolphine, tumbo moja, na ndugu pekee aliyebaki naye. Alimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Kazi yake ilikuwa kupandisha chumvi na sabuni kwa wafugaji wa mlimani na kuteremka na siagi na maharagwe. Alikuwa na miguu isiyochoka na mdomo usiochoka pia. Betri ya gari waliyotumia vijana aliibeba kichwani kutoka Nundu mpaka walipopata lori, akiwachekesha njia nzima, na hakutaka malipo. Alitaka jambo moja tu: jina lake liimbwe.

Kwa watu wa pale hilo si ombi dogo wala kubwa, ni desturi. Wimbo ukifika katikati, gitaa likibaki peke yake, mwimbaji anawataja waliomsaidia, mmoja mmoja. Na anayetajwa, wimbo ukipigwa mahali alipo, hakai. Anasimama, anainua mkono, anaingia akicheza mpaka katikati ili watu wamwone kwamba ndiye. Kukaa kitini jina lako likiitwa ni kumvunjia mwimbaji heshima. Hata mzee mwenye fimbo atajikongoja hatua mbili tatu.

Roger alikuja na karatasi kumuuliza Adolphine ataje nani.

“Wanne banatosha,” alisema. “Lakini usiweke majina ya ubatizo. Ku mupaka, ba forodha batakamata diski yote juu ya jina moja ya padri. Weka majina ya mitaani.”

Wakaandika pamoja, wakicheka. Wa kwanza Mama Santuri mwenyewe. Wa pili Mwalimu Chaki, ndiye Henri. Wa tatu Baba Ng'ombe, ndiye Gisaro. Wa nne na wa mwisho Mutembezi, na hapo kila mtu sokoni alijua ni Placide. Adolphine alijiona amekuwa mwangalifu. Alikuwa amefuata sheria ya serikali barabara, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyomtega.

Santuri ilirudi baada ya miezi mitatu. Jumapili ya kwanza baa ilijaa mpaka nyasi za ukuta zikaanguka. Gitaa liliponguruma, vijana waliruka, wazee wakaziba masikio huku wakitabasamu, na majina yalipoanza Placide aliingia kutoka nje mkono juu, akizungusha mabega, uso wote meno. Mkewe Constance alikuwa amekaa na mtoto mgongoni, akamcheka mpaka machozi. Jumapili nne mfululizo alifanya vilevile. Alikuwa na mtindo wake: hakungoja jina lake. Akisikia la kwanza tu anaanza safari, ili la nne limkute mlangoni.

Santuri zilinunuliwa zikaisha. Barua ilitoka Bujumbura, kwa waliowarekodi, kuuliza kama kuna wimbo mwingine. Adolphine aliisoma mara tatu, akalala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake. Wahenga walisema furaha ikizidi hugeuka kilio, na wahenga wakati mwingine wanachosha kwa jinsi wanavyopatia.

Wiki ya tano askari watatu waliuawa kwa risasi juu ya njia ya Fizi. Watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali huko milimani tangu vita vya miaka ya sitini, walisemekana kula chumvi ya Baraka na kutumia betri za Baraka. Kambi ya jeshi ikaletewa mkuu mpya wa cheo cha adjudan, mtu wa mbali, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Mtu gani alimwambia kuna wimbo unaowataja watu wa mlimani kwa majina ya vita, hatujui. Ulimi hauna mfupa, na mwaka ule ndimi nyingi zilikuwa zinatafuta pa kujificha.

Adjudan alikuja siku ya soko, saa tano asubuhi, na askari wanne kwenye jeep, akaiacha nyuma ya baa. Baani hapakuwa na mtu isipokuwa Adolphine akipanga chupa. Placide alikuwa ameteremka mlimani jana yake na maharagwe. Alikuwa sokoni, hatua mia mbili kutoka pale, akipanga chumvi ya safari inayofuata. Adolphine alijua. Alipoona sare zile mlangoni, kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni mahali aliposimama mdogo wake.

“Bonjour, mama,” alisema adjudan, akavua kofia. “Ile diski ya bijana ba Nundu, unayo?”

“Iko, chef.”

“Ndani yake kuko majina. Unifasirie.”

Adolphine alieleza kwa utulivu. Mama Santuri ni yeye. Mwalimu Chaki alihamishiwa kazi Uvira. Baba Ng'ombe ni mfugaji, anakaa juu, hateremki.

“Na Mutembezi?”

“Ule simujui. Ni bijana njo banamujua.”

“Basi nitakamata bijana.”

Alilisema bila kupandisha sauti. Akilini Adolphine akamwona Roger akitazama chini kwa aibu ya panya, akamwona Rukunda aliyecheka hata akiwa peke yake. Hakutaka kuwatoa watoto wa watu. Hakutaka kumtoa ndugu yake. Akafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya akibanwa na mtu asiyejua mambo: akaanza kumwelimisha. Aliamini kwamba askari huyu akielewa tu desturi ilivyo, ataona ni mchezo, atacheka, atakwenda zake.

“Chef, si majina ya vita. Ni ya kushukuru tu. Bamubebea betri, bamupa nauli, mwimbaji anashukuru. Ni furaha. Mutu akisikia jina yake, popote iko, anakuja, anaingia, anacheza mbele ya batu, basi. Hata wewe bakikuimba utaingia.”

Adjudan aligeukia dirisha la upande wa soko. Alikuwa ameelewa. Alikuwa ameelewa kuliko Adolphine alivyotaka.

“Anakuja mwenyewe?”

Adolphine alirudi kwenye chupa zake, akazipanga upya.

“Weka diski, mama. Juu kabisa.”

Adolphine alisema betri imekufa. Ilikuwa uongo, na adjudan hakubishana. Alimtuma askari akafungue betri ya jeep, wakaiunganisha, wakafungua madirisha yote mawili. Askari mmoja alisimama nyuma ya Adolphine. Watatu wakajificha pande za mlango. Baa ile haikuwahi kutoa sauti kama ya siku ile. Betri ya serikali ilikuwa na nguvu, na gitaa la Radi ya Nundu lilinguruma mpaka chupa zikatetemeka mezani. Sokoni watu waligeuka. Haikuwa Jumapili wala saa kumi, lakini nani anauliza saa akisikia wimbo wake?

Adolphine aliujua wimbo ule kama mtu anavyoijua njia ya nyumbani gizani. Alijua sauti ya Roger inapokwisha, alijua gitaa linapobaki peke yake, alijua pumzi anayovuta Roger kabla ya kuanza kutaja. Aliomba Mungu Placide awe amekwenda ufukoni. Aliomba awe anagombana na mteja. Jina la kwanza likatoka, lake yeye mwenyewe, likapita. La pili. La tatu. Hapo akasukuma mkono wa gramafoni kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, sindano ikakwangua santuri kutoka pale ilipokuwa mpaka katikati kwa mlio wa kuuma meno, ikatulia kwenye karatasi ya jina.

Askari alimpiga kitako cha bunduki begani, akaanguka juu ya meza. Akiwa bado ameinama pale, alisikia miguu nje, ile miguu isiyochoka, ikija kwa hatua za kucheza.

Placide aliingia mkono juu. Alikuwa na unga wa chumvi mpaka kwenye nyusi. Hakumwona askari yeyote, kwa sababu alikuwa anamtazama dada yake, na alikuwa amekunja uso kwa utani, kama mtu aliyepunjwa.

“Yaya, mbona unanikata? Umefika ku Mutembezi, unanikata?”

Hivyo ndivyo alivyojitaja.

Wakamshika. Alipigwa palepale, kwanza bila swali, halafu na maswali: chumvi anampelekea nani, betri aliyobeba ilikuwa ya nani. Alijibu kweli tupu, na kila kweli ilimzamisha. Ndiyo, anapanda mlimani. Ndiyo, alibeba betri. Ndiyo, anazijua njia zote. Kisha ikabidi wangoje, kwa sababu betri ya jeep ilikuwa bado imeunganishwa na gramafoni, na askari aliyekuwa akiirudisha hakuwa fundi. Walikaa hivyo pengine robo saa: adjudan amevaa kofia yake, anatazama chupa, Placide chini, mikono imefungwa nyuma, Adolphine ukutani. Placide hakulia. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu iliyokataa kutoka.

“Yaya,” alisema mwishowe, “chumvi iko inje. Ambia Constance aifunike, mvua inakuja.”

Akapandishwa jeep. Mvua ilinyesha kweli, na chumvi ikayeyuka, maana hakuna aliyethubutu kugusa bidhaa zake.

Constance alipeleka chakula kambini kila siku. Siku sita kilipokelewa. Siku ya saba mlinzi alimrudishia sufuria, akamwambia asilete tena. Hakuambiwa zaidi ya hapo, wala siku ile, wala mwaka ule, wala hata leo. Maiti haikuwapo. Matanga hayakuwapo, kwa sababu kumlilia mtu wa namna ile kulikuwa kosa, na jirani aliyekuja kukaa naye angeandikwa. Waliokuwa na santuri ya Radi waliivunja vipande wakaitupa chooni. Roger na wenzake walivuka ziwa usiku wa siku ileile aliyokamatwa Placide, na habari zao ziliishia Kigoma.

Adolphine hakufunga baa. Angekula nini? Alipiga zile za orchestra kubwa, zilizoshiba. Santuri mpya ziliendelea kufika na boti, vikundi vipya, majina mapya, na mabaharia walimwekea kando kama zamani. Alizikataa bila kuzisikiliza. Alisema sikio linamuuma. Bega ndilo lililouma, na halikupona vizuri, lakini watu walimwachia neno lake.

Kwa mwezi mzima hakuweza kwenda kwa Constance. Alituma unga, alituma sabuni, mwenyewe hakwenda. Mchana mmoja Constance alikuja, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni pale ambapo mumewe alikuwa akiingilia.

“Wifi, ile diski, unayo bado?”

Ilikuwa chini ya sanduku, imefungwa kwa kanga. Adolphine alikuwa ameshindwa kuivunja. Aliitoa, lakini kabla ya kuiweka alisema kile ambacho hakuwa amekisema kwa mtu yeyote.

“Constance, ni mi njo nilimwambia ule adjudan. Ni mi njo nilimufundisha vile mutu anaingia.”

“Najua. Askari balisema, batu baliniambia.” Constance alikaa. “Weka. Sina kaburi. Nataka kusikia banamwita.”

Adolphine alitaka kumwambia kuhusu mkwaruzo, akashindwa, akaiweka. Sauti ilikuwa ndogo, betri kweli ilikuwa inakufa. Mwanzo haukuwa umekwanguka, na wimbo ulitembea. Gitaa likabaki peke yake. Mama Santuri. Mwalimu Chaki. Baba Ng'ombe. Hapo sindano ikaanguka ndani ya mfereji iliouchimba siku ile, ikaruka, na gitaa likaendelea kana kwamba walikuwa watatu tu.

Constance aligeuka akamtazama. Adolphine alilia mbele yake bila kuficha uso.

“Rudia,” alisema Constance.

Adolphine akarudisha sindano nyuma. Jina la kwanza, la pili, la tatu, na sindano iliporuka Constance alilijaza pengo kwa kinywa chake mwenyewe, sawasawa na mdundo. Hakusema Mutembezi. Alisema Placide, jina la ubatizo, kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe aje kula.

Walirudia mara nne. Mara ya tano betri ilikataa, na Constance akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda kuwapikia watoto wake wengine.